Kitakachobaki Kijani

Mume wangu wanamwita Meneja, na wafanyakazi wake wote ni mimi.

Jina alilipata kazini. Alikuwa msimamizi wa ghala la saruji, mtu wa kutembea katikati ya mifuko mikono ikiwa mgongoni, akitazama bila kugusa. Alipostaafu alikuja nayo mikono ile ile, ikiwa mgongoni vile vile, hadi kwenye shamba letu la sukuma wiki nyuma ya nyumba. Mimi nikipalilia, yeye anatembea ukingoni na fimbo yake, ananyooshea: "Pale. Na pale. Hapo umeruka." Nikimwambia ainame basi, anasema macho huona vizuri yakiwa juu. Basi nikawa nainama mimi, anaona yeye, na ndoa ikaenda.

Anayekula sukuma hajui inavyopaliliwa. Mahindi unayapiga jembe huku unapiga soga. Sukuma mizizi yake iko juu juu, ukipeleka jembe karibu umekata mboga, kwa hiyo unapiga jembe katikati ya mistari, kisha unainama kati ya shina na shina na kung'oa kwa vidole. Unamaliza upande huu, unanyanyua kichwa, na kule ulikoanzia kumeshaota tena, kama vile nyasi zilikuwa zinakuchungulia zikisubiri uwape mgongo. Mgongo wenyewe ndio huo ulioleta maneno. Daktari aliutazama kwenye picha, akasema, "Bibi, huu umefanya kazi ya punda. Sasa unataka likizo." Nikamwuliza kama ni likizo yenye malipo. Hakucheka. Alikuwa na foleni.

Kitinda mimba wetu, fundi wa mafriji huko mjini, alipopata habari alikuja siku ya pili yake. Alisimama ukingoni mwa shamba na viatu vyake safi.

"Mama, basi. Chumba kipo, kitanda kipo. Shamba likodisheni, mje mpumzike."

"Likodishwe kwa nani?" Meneja akauliza, kama aliyeambiwa auze mguu.

"Kwa mtu mwenye kiuno, baba."

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwishoni kijana akatoa hukumu. Msimu huu mmoja tu. Mvua zikikatika atarudi. Akikuta shamba limesimama, hatasema neno tena. Akikuta magugu yametushinda, tunafunga mizigo siku hiyo hiyo.

"Tumekubaliana," akasema Meneja, akampa mkono. Mimi hakuna aliyenipa mkono. Nilikuwa ndani natafuta mahali pa kulaza mgongo.

Hicho chumba nakijua, nilishawahi kulala. Kina vigae, kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na godoro jipya bado limevaa nailoni yake, ukijigeuza linakusema. Mkwe wangu ni mtoto mzuri, simsengenyi. Lakini nikishika ufagio ananipokonya, nikishika sufuria ananipokonya, "Mama, pumzika." Nikawa natembea na mikono mitupu ndani ya nyumba ya watu, kama mgeni aliyekosea mlango. Kupumzishwa kule kulinichosha kuliko kulima. Hata hivyo nisijifanye shujaa. Kuna asubuhi nilikuwa nikishika ukuta ili nisimame, na lile godoro la nailoni linanijia kichwani kama mpenzi wa zamani.

Meneja hakutaka hata kulisikia godoro hilo. Tukaenda kwenye duka la pembejeo. Mimi nilibaki nje, nimekaa juu ya mfuko wa mbolea nikipigana na mgongo, yeye akaingia. Alitoka na chupa mkononi na uso wa mtu aliyeoa mara ya pili.

"Mke wangu, palizi imekufa. Hii dawa inachagua. Unanyunyizia shamba zima, juu ya mboga na juu ya gugu. Mboga haiguswi, gugu linakwenda."

"Inachaguaje? Ina macho?"

"Ina elimu. Wewe shika neno moja: kitakachokauka ni gugu, kitakachobaki kijani ni mboga."

Nilishika. Ningefanyaje? Mtu aliyechoka akipewa neno moja la kushika, halichunguzi. Analishika kwa mikono miwili.

Siku ya kunyunyizia majirani walikuja kuangalia bure. Meneja alivaa koti la mvua, mabuti, glavu za kufulia, na kwa kuwa aliambiwa alinde uso, akavaa kofia ya pikipiki. Bomba la kunyunyizia likiwa mgongoni, alifanana na mtu anayekwenda kuzima moto mwezini. Alianza asubuhi kabla ya upepo, akaenda mstari kwa mstari bila kupindisha, na hapo lazima nimpe haki yake: alinyunyizia vizuri. Kazi ya kufanywa ukiwa wima, mume wangu haijui kuikosea.

Kisha hapakutokea kitu. Nyasi zilituangalia, tukaziangalia. Meneja akawa anakwenda kuzitembelea asubuhi na jioni kama mgonjwa wa hospitali. Ilipopita wiki na siku kadhaa, majani ya katikati yakaanza kugeuka njano. Alichomeka fimbo, akalinyanyua jani moja, likatoka lenyewe, shingo imeoza chini.

"Mama watoto! Njoo uone maiti!"

Nilikwenda, nikaona. Nyasi zote, zile zilizokula ujana wangu, zimelala chali. Nilisimama pale nikashindwa kujua nifurahi vipi. Nilitamani kukaa chini tu, lakini kukaa chini ndiko alikonikataza daktari.

Na katikati ya nyasi zilizokufa, kijani tupu. Sukuma zetu kwenye mistari, na kati ya mistari vimche vingine vingi vidogo, vinene, vyenye afya, ambavyo nyasi zilikuwa zimevificha. Meneja akavizungukia na fimbo.

"Unaona hivi? Vimepigwa dawa, vimebaki. Ni mboga hivi. Mbegu za msimu uliopita zimejiotea. Hii ni nyongeza."

Nikavitazama. Kwa mara ya kwanza nililiona shamba kama anavyoliona yeye, kutoka juu. Miaka yote niliyoinama nilikuwa nang'oa kwa viganja, nyasi na visivyo nyasi kwa pamoja, gizani chini ya majani, wala sijawahi kumwuliza gugu jina lake. Sasa nimesimama wima kama mke wa bosi, na ukiwa wima kila kijani ni mboga.

"Ni nyongeza," nikasema.

Kulikuwa na mapengo mengi kwenye mistari, mahali ambapo wadudu walikata miche usiku. Meneja akaamua mapengo yazibwe kwa hiyo nyongeza. "Na hakuna atakayeinama," akasema, akitazama kiuno changu kwa huruma ya kiofisi. Alikata kipande cha bomba la plastiki la maji, refu hadi kifuani. Yeye anachimbua kimche kwa sepetu lenye mpini mrefu, ananipa. Mimi natoboa shimo kwa fimbo, nasimamisha bomba, nadondosha kimche ndani, kinateremka hadi shimoni, nakanyaga pembeni kwa kisigino. Tukapanda mboga tukiwa wima kama askari wa gwaride. Jirani mmoja alipita akauliza, "Bibi, unatia sindano ardhi?" Nikamjibu, "Naipa chanjo isizae watu kama wewe." Tulicheka siku ile. Zimebaki siku chache za kucheka hivyo, naona ni vizuri niziseme.

Na ile nyongeza ilishika! Tuliipa samadi, tukaipa maji, ikakimbia. Sukuma zetu za kitalu zilikuwa zikipanda polepole kama mzee kwenye ngazi. Nyongeza ikazipita kifua. Meneja alisema ni kwa sababu ilijiotea, ina ari ya kujitegemea. Akampigia simu kijana: "Njoo wakati wowote. Shamba limesimama kuliko mimi."

Aliyeturudisha chini ni shoga yangu muuza mboga, ambaye hununua kwetu mafungu na kuyapanga sokoni. Alikuja asubuhi moja bila kapu. Mkononi ana bakuli lenye mfuniko.

"Shoga, leo sijaja kununua. Nimekuja kushtaki."

"Karibu mahakamani. Kaa."

"Sikai. Nimerudishiwa fungu na mteja. Na halijarudi bichi, shoga, limerudi limepikwa!" Akafunua bakuli. "Onja mboga yako."

Nikaonja. Kwanza uchungu ulishika ulimi, kisha ukali ukapanda puani kama pilipili iliyopotea njia. Machozi yakanitoka.

"Ee, lia," akasema shoga. "Mwenzio alilia mbele ya wateja wangu wote."

Tukaenda shambani. Meneja alikuwa huko tayari, mikono mgongoni. Shoga akachuma jani la sukuma na jani la nyongeza, akaniwekea kila moja kwenye shavu. La kwanza laini, la pili linakwaruza.

"Moja lina ndevu," akasema. "Hata mumeo hana ndevu hizi. Na angalia kule mwisho."

Kule mwisho, kwenye mstari tuliouziba kwanza, vilele vilikuwa vimetoa maua madogo ya njano.

"Sukuma gani inayotoa maua ikiwa haina hata majani ya kutosha fungu?" shoga akauliza. "Haya ni magugu, shoga. Mmepanda magugu. Mmeyatilia na samadi."

Meneja akafungua mdomo. "Lakini yalipigwa dawa," akasema. "Yalibaki kijani."

Shoga akachukua bakuli lake akaenda zake, na kwa heshima yake, hakucheka mpaka alipofika barabarani.

Tukarudi dukani, safari hii niliingia na mimi. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani aliyeitundika shingoni kwa uzi, alilipokea jani letu, akalipapasa, akalinusa.

"Haradali mwitu," akasema. "Mzee, si nilikuuliza siku ile? Nilikuuliza shambani una magugu gani. Ukasema nyasi. Nikakuuliza nyasi tu? Ukaniambia umesimamia ghala zima, huwezi kushindwa kusimamia nyasi."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anasoma bei za mbegu ukutani, kwa makini sana.

"Dawa niliyokupa inaua jamii ya nyasi," mama akaendelea, bila ubaya. "Majani mapana haiyagusi, ndiyo maana mboga yako ilipona. Na huyu naye ni majani mapana. Tena ni wa ukoo mmoja na sukuma, kama binamu. Sina hapa dawa ya kuwatenganisha. Itakayomwua huyu inaondoka na mboga."

"Na tukiongeza kipimo cha ile ile?" Meneja akauliza.

"Utaunguza mboga, yeye atakusalimia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni mkono, mzee. Mche kwa mche, kabla maua hayajawa mbegu. Akimwaga mbegu huyo, mtampalilia nyinyi, na wajukuu wenu watampalilia."

Tukashika njia ya nyumbani. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Hawakusema mwenye shamba afanye nini ndugu wakiwa hawagombani, wamesimama mstari mmoja wamekumbatiana mizizi, na mvua zimeshakatika, kijana wako anakuja mwisho wa wiki.

Nyumbani nilichukua jembe langu, nikaliegemeza mlangoni upande wa nje.

"Mimi siinami," nikamwambia.

"Hakuna aliyesema uiname."

"Hakuna aliyesema. Lakini mtu akisema 'ni mkono', nyumba hii nzima inautazama wangu."

Sikuwa na hasira, ningekuwa nayo ningemrushia kitu tukamaliza. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule wa chini kabisa ambao hata maneno unayapima kabla ya kuyainua. Siku ile na iliyofuata nilikaa kitandani nikilitazama sanduku juu ya kabati. Nikaanza kulipanga kichwani: khanga hizi, viatu vile, dawa ya kuchua. Nikafika hadi kuchagua upande wangu wa lile godoro. Kutoka dirishani niliweza kuona njano inaongezeka. Meneja alikuwa anaingia na kutoka. Alichemsha chai mwenyewe, akaniletea, ikiwa na sukari ya kutosha harusi. Nilimwona tu jioni amesimama ukingoni, na mikono haikuwa mgongoni. Ilikuwa inaning'inia, kama haijui kwao.

Asubuhi ya siku ya kijana kuja niliamka nikakuta upande wake umepoa. Nikaenda bafuni kunawa, kigoda cha plastiki tunachokalia kuogea hakipo. Nikajua. Sikuamini, lakini nilijua.

Alikuwa katikati ya mstari wa kwanza, amekalia kigoda, magoti yamegusa masikio. Anang'oa. Anavuta mche, anaukung'uta udongo, anaurusha nyuma, anajisukuma na kigoda hatua moja kama chura mzee. Jasho limemshika shati mgongoni. Sijawahi kuuona mgongo wa mume wangu ukiwa umepinda. Nilisimama pale, nikataka kumwita kwa jina lake, lile la zamani la kabla ya watoto.

Kisha nikatazama rundo nyuma yake.

"Meneja!"

Akashtuka.

"Hiyo unayong'oa ni mboga!"

Akaitazama iliyo mkononi. Akatazama rundo. Nusu mstari, na karibu yote ilikuwa sukuma. Haradali zimesimama pembeni yake, zenye maua, zinamtazama kama zimemwajiri.

"Mimi naona zote sawa," akasema, na sauti ikamvunjika kidogo. "Nimeinama, na bado naona zote sawa."

Nilirudi ndani. Najua alidhani nimeondoka moja kwa moja. Nilitoka na kiti cha sebuleni chenye mto, nikakiweka ukingoni, nikafungua mwavuli, nikakaa. Nikanyoosha mkono nikaokota fimbo yake.

"Papasa jani," nikamwambia. "Usilitazame, papasa. Lenye ndevu ndilo."

Akapapasa. "Hili?"

"Hilo ni sukuma. Pembeni."

"Hili."

"Hilo. Vuta. Na mzizi, usinivunjie shingo ukaniachia mwili. Pale. Na pale. Hapo umeruka."

Akageuka akanitazama, uso umejaa udongo, akataka kusema kitu. Akaona fimbo ilivyokaa mkononi mwangu. Akarudi kwenye kazi.

Kijana alitukuta hivyo. Sikusikia gari, nilisikia tu viatu vimesimama. Alilitazama shamba. Halikuwa limesimama, tusidanganyane. Nusu njano, mapengo mapya aliyoyatoboa baba yake, mistari miwili tu iliyosafika, na msafishaji wake anatweta juu ya kigoda cha kuogea. Akanitazama mimi chini ya mwavuli.

"Mama," akasema taratibu. "Nataka uniambie wewe, si baba. Shamba limekushinda?"

Nilijua ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja jepesi, na sanduku nilishalipanga kichwani. Ningelala mchana huo huo.

"Mimi limenishinda zamani," nikasema. "Tena lilinishinda nikiwa bado nalilima, ila hakuna aliyeniuliza. Lakini sasa si mimi ninayelilima. Muulize mfanyakazi wangu."

Kijana akamgeukia baba yake. Meneja hakunyanyua kichwa. Alikuwa anapapasa jani kati ya vidole viwili, macho amefumba kabisa, kama anayesikiliza.

"Hili lina ndevu," akasema. "Subirini."

Akalivuta. Likatoka na mzizi wake wote mrefu mweupe, na maua yake, akaliweka kwenye ndoo pembeni, polepole, ili mbegu isimwagike. Hilo hakuna aliyemfundisha.

Kijana akaitazama ile ndoo. Akatazama saa, akatazama viatu vyake.

"Hii yote mtaimaliza lini?"

"Hatutaimaliza," nikasema. "Nani aliyewahi kumaliza palizi? Tutang'oa yenye maua kwanza. Na msimu ujao tunalima upande wa karibu na nyumba tu, kule kwingine nitafutie huyo mtu mwenye kiuno, akodi."

"Na chumba?"

"Kipangishe. Ila kwanza lile godoro livue nailoni, mwanangu. Mtu akija kulala hapo asidhani amefungwa kwenye mkate."

Alicheka bila kutaka, akapita pembeni kwenda kutafuta maji ya kunywa. Nikabaki na mume wangu. Jua lilikuwa limeshapanda, mgongo unaniuma hata juu ya mto. Mwisho wa mstari ulikuwa bado kidogo tu. Meneja akaweka mkono mmoja ardhini, akajaribu kunyanyuka, akashindwa, akarudi kwenye kigoda chake kwa kishindo.

"Mke wangu," akasema. "Magoti yamegoma. Njoo univute."

Nikamnyooshea fimbo. Kabla hajaifikia, nikaielekeza kwenye mstari.

"Malizia mstari kwanza," nikasema. "Pale. Na pale."